Japani na China kwenye kuagiza magogo: namba ni sahihi, tunazisoma vibaya

Mpasuaji (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kuna mchoro unasambazwa sana kwenye magrupu. Mistari miwili tu, mmoja wa Japani na mwingine wa China, ikionyesha magogo yaliyoingia kwao tangu 1961. Wa Japani unapanda mpaka 1973, unagonga dari, halafu unateremka mdogo mdogo mpaka unakaribia kulala sakafuni. Wa China umelala miaka na miaka, kisha baada ya 1998 unafumuka kama moto wa nyasi kavu. Chini yake mtu kaandika: "Mjapani kajirekebisha, Mchina anamaliza misitu ya dunia." Watu wanapiga makofi, wanasogea kwenye mada nyingine.

Mimi nasema namba ziko sawa ila maelezo yamepinda. Gogo linahesabiwa pale linapokwenda kupasuliwa. Nyumba au meza itakayotokana nalo inaweza kuishia nchi nyingine kabisa. Ukilishika hilo, mistari yote miwili inasomeka tofauti. Vuteni viti, nitakuwa mrefu kidogo.

Tuanze na Japani. Vita ilipoisha 1945, milima mingi ilikuwa imekatwa ovyo na miji iliyojengwa kwa mbao ilikuwa imeungua. Serikali ikahimiza kupanda, hasa sugi na hinoki (miti ya mbao ya asili ya kwao), na leo mashamba hayo yanafika kama hekta milioni 10. Lakini mche uliopandwa jana haujengi nyumba leo, na watu walitaka nyumba wakati huo huo. Ndipo wakafungua mlango: kufikia 1964 vizuizi vya kuagiza magogo vilikuwa vimeondolewa. Mwaka 1960 karibu asilimia 90 ya mbao walizotumia ilitoka kwao wenyewe. Kufika 2002 ilikuwa chini ya asilimia 20.

Magogo yalitoka wapi? Kwanza Ufilipino, yale mekundu laini ya lauan yaliyogeuzwa plaiwudi. Yalipopungua wakahamia Indonesia, kisha Sabah na Sarawak, majimbo ya Malaysia kisiwani Borneo. Upande wa pili wa bahari dhoruba iliwasaidia: tarehe 12 Oktoba 1962 upepo mkali uliangusha misitu ya Oregon na Washington, miti mingi kuliko viwanda vya pale vingeweza kupasua kabla haijaoza. Ikapakiwa melini kwenda Japani, na biashara ile haikurudi nyuma tena kwa miaka mingi.

1973 ndiyo kilele. Magogo zaidi ya mita za ujazo milioni 50 kwa mwaka mmoja, na mwaka huo huo zilianza kujengwa nyumba milioni 1.9. Halafu bei ya mafuta ikapanda ghafla na ujenzi ukapoa.

Sasa hapa ndipo pa kutazama. Indonesia ilianza kubana magogo, na 1985 ikafunga kabisa. Marekani mwaka 1990 ilimweka bundi wa misitu ya kaskazini magharibi kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, ukataji kwenye misitu ya serikali kuu ukaporomoka, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kukaza uuzaji wa magogo nje. (Huyo bundi kwa wenye viwanda kweli alileta nuksi.) Sabah ikafunga 1993. Mstari ukashuka. Lakini Mjapani hakuwa ameacha plaiwudi. Aliyekuwa akimuuzia gogo alikataa kuuza gogo, akajenga viwanda vyake, akaanza kumuuzia plaiwudi iliyokwisha tengenezwa. Mchoro wa magogo hauioni hiyo plaiwudi.

Nitaleta China kwenye bandiko linalofuata, hili limeshakuwa refu.

KitiChaMbele

Nimeshakaa. Endelea mkuu.

Mpasuaji (mleta mada)

China sasa.

Kiangazi cha 1998 mto Yangtze ulifurika, na kaskazini mashariki mito ya Songhua na Nen nayo ikafurika. Walikufa watu zaidi ya 3,000. Serikali iliona kwamba ukataji wa miti kwenye vyanzo vya mito umechangia, ikapiga marufuku ukataji kwenye misitu ya asili ya juu ya Yangtze na maeneo ya Mto Njano. Mpango wa kulinda misitu ya asili ukaanzishwa, na kuanzia 2017 ukataji wa kibiashara kwenye misitu ya asili ukasimamishwa nchi nzima.

Viwanda vilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, msitu umefungwa. Ufanye nini? 1999 wakaondoa ushuru wa forodha kwenye magogo. Desemba 2001 wakaingia Shirika la Biashara Duniani. Magogo yakatoka chini ya mita za ujazo milioni 5 mwaka 1998 hadi kama milioni 37 mwaka 2007, karibu milioni 60 mwaka 2018, na zaidi ya milioni 63 mwaka 2021.

Kwa hiyo nchi zote mbili zilifungua mlango kwa sababu msitu wao ulikuwa haugusiki: mmoja miti ilikuwa michanga, mwingine miti ilikuwa imewekewa ulinzi. Tofauti ni kwamba magogo ya Japani mengi yalibaki Japani, kwenye nguzo na sakafu za nyumba. Ya China sehemu kubwa ilitoka tena kama fanicha na plaiwudi kwenda Marekani, Ulaya na, ndiyo, Japani. Mtu wa Chicago anayelala kwenye kitanda kilichotengenezwa China hayumo kwenye mstari wa Marekani. Yumo kwenye wa China.

Mwamba wa Hoja

Mleta mada, naona umekuja kumsafisha Mchina. Mbona hutaji mbao nyekundu, ile hongmu? Fanicha ya kifalme ya enzi za Ming na Qing, matajiri wanagombania viti. Hiyo haikwenda Chicago, ilibaki kwao. Na ndiyo iliyofagia miti ya jamii ya mpingo na mninga sehemu nyingi mpaka mwaka 2016 mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) pale Johannesburg ukaiweka jamii yote ya Dalbergia, ndiyo ya mpingo, chini ya udhibiti, pamoja na kosso, ndugu wa mninga wa Afrika Magharibi. 2019 wakaongeza na mkurungu. Hiyo nayo ni gogo la kupasuliwa tu?

Mpasuaji (mleta mada)

Mkuu Mwamba, hapo umenishika na sikatai. Hongmu ni ya kwao na inaliwa kwao.

Ila angalia inavyokaa kwenye mchoro: huioni. Kwa ujazo ni tone ndani ya milioni 60, kwa sababu mzigo mkubwa ni misonobari ya Nyuzilandi na Urusi. Kwa thamani ni kitu kingine kabisa. Na kwa madhara ni kitu cha tatu, maana mti mmoja wa kosso kwenye savana kavu huwezi kuufananisha na msonobari wa shambani uliopandwa ili ukatwe. Kwa hiyo mchoro wa ujazo unamlaumu Mchina kwa kitu ambacho si kosa lake na unamficha kwenye kile ambacho ni chake.

Mwamba wa Hoja

Sawa, hiyo nimeipokea. Lakini bado naona unapunguza makali.

Binti Jedwali

Samahani kaka zangu, naingilia. Mimi kazi yangu ni kusafisha takwimu, siku nzima nipo na majedwali, na mchoro huo nauona una ugonjwa kabla hata hatujafika kwenye siasa.

La kwanza, kipimo. Huwezi kulinganisha nchi mbili kwa magogo peke yake wakati moja imehamia kwenye bidhaa zilizochakatwa. Lazima urudishe kila kitu kwenye gogo, yaani ujiulize mbao hii ilihitaji gogo la ukubwa gani. Kwa makadirio yanayotumika sana, mita moja ya ujazo ya mbao zilizopasuliwa ni kama mita 1.8 ya gogo, plaiwudi ni kama 2.3, na tani moja ya rojo la kutengenezea karatasi ni kama mita 4.5. Zilizobaki ni maranda, unga wa msumeno, magome na maji. Ukifanya hivyo, Japani ya miaka ya 1990 haishuki kama mchoro unavyoonyesha, maana plaiwudi ya Indonesia na Malaysia inarudi kwenye hesabu, na vibanzi vya kusagia karatasi navyo vinaingia.

La pili, pesa. Nimeona mtu kwenye grupu lingine kachora thamani kwa dola badala ya ujazo. Septemba 1985 nchi tano zilikubaliana pale New York kushusha dola, na yeni ikapanda kutoka kama 240 kwa dola hadi karibu 150 ndani ya muda mfupi tu. Mstari wa dola unaweza kuruka na meli zikaleta mzigo ule ule. Anayesoma kwa dola ataona Mjapani kapagawa na mbao wakati aliyepagawa ni soko la fedha.

La tatu, na hili linawaangusha hata wasomi. Ukichukua takwimu za FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ukachagua "China", ile ni jumla ya China bara, Hong Kong, Macao na Taiwan. Kuna safu nyingine ya China bara peke yake. Mchoro ukiwa na China jumla upande mmoja na maelezo yanayohusu Beijing upande wa pili, umeshakosea. Na ukijumlisha safu zote ukidhani ni nchi tofauti, umehesabu mara mbili.

La nne, msiniamini mimi wala mleta mada kabla hamjaangalia pande zote mbili za forodha. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilionyesha kwamba mwaka 2005 China iliandika kupokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara 10 ya yale ambayo Tanzania iliandika kuuza China. Gogo ni lile lile na meli ni ile ile, daftari ndilo tofauti. Kwa hiyo mimi nikichora uagizaji natumia daftari la anayepokea, kisha naweka la anayeuza pembeni kama shahidi.

KitiChaMbele

Dada umeua. Sasa kwa kichwa? Maana Wachina wako bilioni na ushee.

Binti Jedwali

Nilikuwa naisubiri hiyo. Chukua vilele viwili. Japani 1973: magogo kama milioni 52 kwa watu kama milioni 109. Inakuja karibu nusu mita ya ujazo kwa kila mtu. China 2021: milioni 63 na kitu kwa watu bilioni 1.41. Inakuja chini ya mita 0.05. Yaani Mjapani mmoja wa 1973 alikuwa anaagiza magogo kama Wachina 10 wa 2021.

Mwamba wa Hoja

Subiri kwanza. Mara 10?

Binti Jedwali

Mara 10. Chukua kikokotoo.

Ila nami nijikosoe kabla hujaniwahi: ni magogo tu hayo, na 2021 China ilikuwa inaingiza mbao zilizopasuliwa nyingi mno pembeni. Ukiziweka, pengo linapungua. Halifungi, lakini linapungua.

Serahangi Mstaafu

Vijana, nimekuwa nasoma tu. Nimefanya kazi melini, miaka ya mwisho nikiwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kwenye meli za magogo. Niwaelezee yale msiyoyaona kwenye majedwali.

Nilipoanza nikiwa baharia kijana, tulikuwa tunapeleka magogo ya Borneo Japani. Siku hizo gogo lilikuwa kubwa, mtu mzima ukisimama pembeni ya kichwa chake linakufika kifuani. Bandari nyingine tulishusha majini kabisa, chubwi, na vijana wao waliokuwa na viatu vya misumari wanatembea juu ya magogo yanayoelea, wanayasukuma kwa miti mirefu mpaka yanajipanga safu. Mimi ningezama hatua ya kwanza.

Miaka ya mwisho tulikuwa tunatoka Tauranga, Nyuzilandi, kwenda Lanshan kule Shandong. Gogo la sasa ni jembamba, yote saizi moja kama penseli kwenye boksi, na kila moja lina kibandiko cha mistari mieusi kichwani. Unajaza matumbo ya meli, halafu unapanga mengine juu ya sitaha kati ya nguzo za chuma mpaka daraja la nahodha linachungulia tu kwa juu. Kazi yangu ilikuwa minyororo. Siku ya kwanza unaikaza, siku ya pili mzigo umekaa umelegea, unapanda tena juu ya magogo yenye utomvu na maji ya chumvi kuikaza upya. Magome yanamomonyoka yanaziba njia za pampu, unashika fagio.

Na tumboni huingii hovyo. Magogo yaliyofungiwa yanakula hewa ya oksijeni, na juu ya hapo yamewekwa dawa ya fosfini ya kuua wadudu njiani. Kila safari tunakumbushana: kifuniko kikifunguliwa, hakuna anayeshuka kabla ya kipimo. Kuna mabaharia wamekufa baada ya kushuka ngazi mbili tu.

Pale Lanshan ukitoka nje ya geti, viwanda vya kupasulia vimejipanga. Tulimuuliza dereva wa lori mbao zinakwenda wapi. Akatuonyesha ghorofa linalojengwa, zege limefungwa kwa mbao pande zote. Zinamwagiwa zege, zinabanduliwa, zinatumika tena mara chache, basi zinatupwa. Kijana aliyesema gogo linahesabiwa linapopasuliwa yuko sahihi kwa fanicha. Kwa hili la Nyuzilandi, lilipasuliwa pale pale na likafia pale pale.

Mpasuaji (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenirekebisha na napokea kwa mikono miwili. Nilichanganya mizigo miwili. Mbao ngumu na za fanicha kwa kiasi kikubwa ndizo zinazotoka tena nje. Msonobari wa Nyuzilandi unaliwa na ghorofa za ndani.

Na hilo linaeleza kwa nini mstari umedondoka. Kuanzia 2021 makampuni makubwa ya nyumba yalianza kushindwa kulipa madeni, Evergrande ikiwa ya kwanza kutajwa, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Ghorofa zikisimama, mbao za kumwagia zege hazitakiwi. Magogo yakashuka kutoka milioni 63 hadi kama milioni 43 mwaka 2022, na chini ya milioni 40 mwaka 2023. Hakuna sheria ya msitu ya China iliyofanya hivyo.

Serahangi Mstaafu

Marahaba kijana.

Mama Mbegu

Mimi swali langu ni dogo. Japani theluthi mbili ya nchi ni msitu, mmesema wamepanda hekta milioni 10. Kwa nini wasikate ya kwao wakaacha ya wenzao?

Mpasuaji (mleta mada)

Mama Mbegu, swali si dogo hata kidogo, ndilo linalowatesa wao wenyewe.

Mashamba yako kwenye miteremko mikali, yamegawanyika vipande vidogo vidogo mikononi mwa familia, na wengi waliorithi wanaishi mjini, hata mpaka wa shamba hawaujui. Bei ya sugi iliyosimama shambani ilifika kileleni 1980 na imeporomoka tangu hapo. Kukata, kushusha mlimani na kupanda upya kunagharimu kuliko unachopata. Kwa hiyo miti imeachwa, imezeeka, imesongamana, na kila machipuko inatoa chavua mpaka zaidi ya theluthi ya Wajapani wanapiga chafya na kutoka machozi. Msitu ulipandwa kwa ajili ya nyumba, umekuwa ugonjwa wa pua.

Lakini wamegeuka kidogo. Viwanda vya plaiwudi vilipoona lauan haipatikani vilibadilisha mashine ili vimenye sugi na lachi (mti mwingine wa mbao) ya kwao, nyembamba. 2010 wakatunga sheria ya kuhimiza mbao kwenye majengo ya umma. 2021 dunia nzima ilipokosa mbao, kila mtu akijenga, wenyewe waliita "mshtuko wa mbao", maseremala wakakimbilia sugi. Sasa zaidi ya asilimia 40 ya mahitaji inatoka ndani.

Binti Jedwali

Niongezee hapo kwa sababu hiyo asilimia 40 inapendwa sana na wanaotaka kumpamba Mjapani. Ni uwiano, na uwiano unapanda kwa njia mbili: unakata zaidi cha kwako, au unatumia kidogo. Wamefanya vyote. Nyumba zinazoanza kujengwa sasa ni kama laki 8 kwa mwaka, chini ya nusu ya 1973. Watu wanazeeka na kupungua. Mwenye nyumba tupu hajengi nyingine.

Na pia uagizaji haukufa, umebadilisha shati. Tangu 2012 walipoweka bei maalumu ya umeme wa nishati jadidifu, wameanza kuingiza peleti, yale masalia ya mbao yaliyoshindiliwa kama chakula cha kuku, kutoka Vietnam, Kanada na Marekani. Zimevuka tani milioni 4 kwa mwaka kufikia 2022. Mti unaingia bandarini kuchomwa. Kwenye mchoro wa magogo: sifuri.

Mwamba wa Hoja

Kwa hiyo Mjapani naye hajajirekebisha.

Binti Jedwali

Amezeeka, mkuu. Na amebadilisha fungu la bidhaa.

Mtu wa Reli

Mbona Urusi mmeipita kama kituo kidogo? Nusu ya hadithi hii iko Manzhouli, mji wa China mpakani na Urusi. Hapo reli ya Urusi ya upana wa milimita 1,520 inakutana na ya China ya 1,435, kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe mpakani. Gogo likishashushwa pale, unajiuliza: kwa nini nilipakie tena, si nilipasue hapa hapa? Ndiyo maana mji ukajaa viwanda vya mbao.

Halafu Urusi ikauliza swali hilo hilo kwa upande wake. 2007 ikaanza kupandisha ushuru wa kuuza magogo nje, 2008 ukafika asilimia 25, na ikatishia asilimia 80, ingawa hiyo iliahirishwa. Matokeo: viwanda vikaanza kuvuka mpaka kwenda upande wa Siberia, mara nyingi kwa mtaji wa Kichina, na kilichoingia China kikawa mbao badala ya magogo. Nafasi kwenye magogo ikachukuliwa na Nyuzilandi. Tarehe 1 Januari 2022 Urusi ikapiga marufuku kuuza nje magogo ya misonobari na ya mbao ngumu za thamani. Machi ikaongeza marufuku ya magogo, vibanzi na vinia (tabaka nyembamba za mbao) kwa nchi ilizoziita zisizo rafiki, na Japani imo kwenye orodha.

Gabon ilifanya vile vile 2010, ikakataza magogo. Ni Indonesia ya 1985 upya.

Mpasuaji (mleta mada)

Asante sana Mtu wa Reli, hilo ndilo nililokuwa nalitafutia maneno. China inapitia ngazi zile zile ambazo Japani ilipitia, ila Japani alitumia miaka 30 na China amebanwa ndani ya 15. Anayeuza anafunga gogo, anauza mbao. Mstari wa magogo unapinda, wa mbao unapanda.

Binti Jedwali

Na wa karatasi umepinda hivyo hivyo, nikiruhusiwa dakika moja. China ilikuwa inanunua karatasi chakavu za dunia, kama tani milioni 30 mwaka 2012. Maboksi yaliyokwenda Marekani na bidhaa yanarudi kama takataka kwenye makontena ambayo yangerudi matupu, yanakuwa maboksi tena. Zhang Yin alitajirika hivyo mpaka 2006 akaongoza orodha ya matajiri wa China. Julai 2017 serikali ikatangaza kubana taka za nje, na kuanzia Januari 2021 haziingii kabisa.

Boksi bado linahitajika. Wakaongeza kuagiza rojo kutoka Brazili, Chile, Kanada na Ufini, na kampuni za Kichina zikajenga viwanda Malaysia, Laos na Vietnam. Huko karatasi chakavu inasagwa, inavuka mpaka ikiitwa bidhaa. Kwenye mstari wa "karatasi chakavu" China imetoweka kama Japani ilivyotoweka kwenye lauan.

KitiChaMbele

Kwa hiyo mchoro sahihi uweje? Nataka kuwatumia wale wa kwenye grupu.

Binti Jedwali

Chora China bara peke yake, si ile jumla. Weka magogo, mbao, plaiwudi, vibanzi na rojo, kila kimoja kikiwa kimerudishwa kwenye gogo, kwa rangi tofauti zilizopandana, ili mtu aone rangi moja inapopungua na nyingine inavyojaza nafasi. Peleti na karatasi chakavu weka mchoro wa pembeni, zisichanganywe, maana karatasi chakavu ilishahesabiwa mara ya kwanza ilipokuwa mti. Halafu piga mistari ya wima: 1964, 1973, 1985, 1993, 1998, 2007, 2017, 2021. Chora mara mbili, ya pili kwa kichwa.

Na usitumie dola.

Mwamba wa Hoja

Na hongmu?

Binti Jedwali

Hongmu ipe mchoro wake, kwa thamani, mkuu. Hapo nakuruhusu dola.

Mtu wa Reli

2022 umeisahau kwenye mistari ya wima.

Binti Jedwali

Kweli. Naiongeza.